Ziwa halijui bingwa

Mji ukimchosha mtu hutafuta maji. Siku hizi familia za Nairobi, Nakuru na Eldoret zikipata nafasi ya siku mbili tatu hazikimbilii Mombasa peke yake. Wapo wanaokwenda Naivasha asubuhi na kurejea jioni, wapo wanaoteremka Kisumu, na wapo vijana wa vyuo wanaochanga nauli na kufunga safari ndefu ya vumbi hadi Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Wakifika, wengi hutaka kuingia majini, na katika sehemu kadhaa huikuta kayaki ikiwasubiri: ule mtumbwi mwembamba na mwepesi, aghalabu wa plastiki ngumu, unaobeba mtu mmoja au wawili na kuendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili.

Ni mchezo mzuri, na sikusudii kumharibia mtu raha yake. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka 2021, na sidhani kuna hata mmoja wao aliyeamka asubuhi ile akitarajia kufa. Kwa hivyo leo nataka tuzungumze jambo moja tu, nalo ni hili: uamuzi unaomwokoa mtu ziwani hufanywa akiwa bado amesimama nchi kavu. Chombo kikishapinduka, wakati wa kuamua umepita, na kinachobaki ni kutapatapa.

Pengine utaniambia kuwa wanaokufa maji ni wale wasiojua kuogelea, au watoto waliotoroka nyumbani, au mlevi aliyejitia ushujaa mbele ya marafiki. Wapo, tena wengi. Lakini hebu sikiliza kisa cha mtu ambaye hakuwa yeyote kati ya hao.

Douglas Tompkins alikuwa Mmarekani. Katika miaka ya 1960 alianzisha kampuni ya The North Face, inayouza mahema, mifuko ya kulalia na mavazi ya wapanda milima. Vijana wetu wengi wanaijua nembo hiyo, hata kama makoti waliyovaa yametoka Gikomba. Baadaye Tompkins alihamia Chile, kule kusini mwa Amerika ya Kusini, akautumia utajiri wake kununua ardhi ili misitu na wanyama wahifadhiwe. Milima na mito ilikuwa maisha yake, na kayaki alikuwa ameiendesha kwa miaka mingi.

Mnamo Desemba 2015, yeye na wenzake watano walifunga safari ya kayaki katika Ziwa General Carrera, lililoko mpakani mwa Chile na Argentina. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Miongoni mwao alikuwamo Yvon Chouinard, mwanzilishi wa kampuni ya Patagonia, na Rick Ridgeway, mmoja wa Wamarekani wa kwanza kufika kileleni mwa mlima K2 mwaka 1978. Tarehe 8 ya mwezi huo upepo ulivuma kwa nguvu, mawimbi yakapanda, na kayaki ya watu wawili waliyokuwamo Tompkins na Ridgeway, ambayo usukani wake ulikuwa na hitilafu, ikapinduka. Ziwa hilo hupokea maji ya barafu inayoyeyuka milimani, nayo maji hayo yalikuwa na joto la kiasi cha nyuzi 4 tu za Selsiasi.

Wenzao walirudi kuwasaidia na helikopta ikaitwa. Ridgeway alinusurika. Tompkins alikuwa amekaa majini muda mrefu mno. Alipofikishwa hospitalini katika mji wa Coyhaique, mwili wake ulikuwa umepoa hadi nyuzi 19, ilhali mwili wa binadamu mzima huwa na nyuzi 37. Alifariki siku hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 72.

Tazama basi, msomaji. Mtu huyu hakukosa pesa, wala ujuzi, wala marafiki hodari. Ziwa halikumuuliza jina lake. Mambo matatu yalikutana siku moja: upepo, baridi, na umbali kutoka kwa msaada. Hayo matatu ndiyo yanayoua watu katika maziwa ya mbali kote duniani, nasi hatuna budi kuyajua moja baada ya jingine.

Baridi

Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kubwa kuliko hewa, yapata mara 25. Ndiyo maana unaweza kuketi na fulana tu katika hewa ya nyuzi 20 bila kulalamika, lakini ukikaa saa nyingi katika maji ya nyuzi hizo hizo utaanza kutetemeka, na vidole vitakataa kufunga hata kifungo cha shati.

Gordon Giesbrecht, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, amefunza watu kanuni nyepesi kuikumbuka kuhusu maji yenye baridi kali: dakika 1, dakika 10, saa 1. Katika dakika ya kwanza mtu hushtuka na kuhema kwa nguvu bila kujizuia. Kama kichwa kimo ndani ya maji wakati huo, huvuta maji badala ya hewa. Katika dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inatii, kisha hufa ganzi, na hata muogeleaji stadi huwa kama mtu aliyefungwa kamba. Baada ya hapo huchukua kiasi cha saa moja kabla mtu hajapoteza fahamu kwa sababu ya baridi yenyewe.

Maziwa yetu si ya barafu, namshukuru Mungu. Hata hivyo Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na anayekwenda huko Julai anajua jinsi asubuhi zake zinavyouma. Mtoto mwembamba hupoa upesi kuliko baba yake. Na ule mshtuko wa kuhema humpata mtu yeyote anayetumbukia ghafla katika maji yanayompiga baridi, iwe ni Chile au Kenya.

Hapa ndipo utakapoielewa kazi ya jaketi la kuokolea maisha. Wengi hudhani ni la wasiojua kuogelea. La hasha! Jaketi ni la ile dakika ya kwanza, wakati pumzi haikutii, na la ile saa ya mwisho, wakati mikono haikutii. Katika nyakati hizo mbili ujuzi wako wa kuogelea umekwenda likizo.

Upepo

Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ziwa likilala kama kioo, mgeni huona ni salama. Asichokijua ni kwamba upepo unaovuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani huacha maji ya ufuoni yametulia, kwa sababu mawimbi yanahitaji nafasi ili yakue. Unatoka raha mustarehe, upepo ukikusukuma mgongoni, nawe unajiona hodari wa kupiga kafi. Unapogeuka kurudi ndipo unapogundua kwamba hodari alikuwa upepo. Sasa unakupiga usoni, mawimbi yamekua, mikono imechoka, na hoteli imekuwa kidoa cha rangi nyeupe kwa mbali.

Ziwa Turkana limewahi kutoa funzo hilo kwa uchungu. Mwaka 1934, wakati lingali likiitwa Rudolf, Mwingereza Vivian Fuchs aliongoza msafara wa wanasayansi waliokuja kulichunguza. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini. Hawakurejea, na miili yao haikupatikana kamwe. Ziwa hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na upepo wa kusini-mashariki hulichapa karibu kila siku. Mara nyingi upepo huo huwa mkali usiku na asubuhi.

Angalia tofauti hii, maana imewaponza wengi. Kule Naivasha mambo huwa kinyume: asubuhi ziwa hutulia, na upepo huamka alasiri. Kwa hivyo anayejifunza Naivasha kwamba asubuhi ndiyo salama, kisha akaipeleka kanuni hiyo Turkana bila kuuliza, amebeba ufunguo wa nyumba nyingine. Kila ziwa lina saa zake. Wanaozijua ni wavuvi, si simu yako wala mimi mwandishi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Umbali

Jambo la tatu ndilo ambalo watu wa mjini tunalisahau zaidi. Tumezoea kwamba mtu akianguka njiani, umati hujaa na gari hupatikana. Katika ziwa la mbali hakuna umati. Sehemu nyingine simu haishiki mtandao, na hata ikishika, nambari 999 au 112 haitamtoa mtu majini kama hakuna mashua karibu. Tompkins alipata helikopta, na bado haikutosha. Wewe na watoto wako mtapata nini? Jibu la swali hilo lazima liwe mikononi mwako kabla ya kusukuma chombo.

Zaidi ya hayo matatu, maziwa yetu yana mambo yake yenyewe. Naivasha na Baringo zina viboko, na Turkana, kama Baringo, ina mamba. Kiboko huonekana mzembe, lakini mwaka 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha, tena akiwa nchi kavu. Kayaki ni chombo cha kimya kinachokaa chini. Unaweza kumfikia kiboko kabla hamjaonana. Usipite kati yake na maji yenye kina, na usijipenyeze kwenye mafunjo kutafuta picha nzuri.

Isitoshe, maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda sana katika miaka ya karibuni, hasa mwaka 2020. Maji yalifunika miti, nyua na hata majengo. Chini ya maji yanayoonekana matupu huenda kuna kigingi cha ua au tawi kavu la kupindua mtumbwi.

Maswali ya ufuoni

Basi ufanye nini? Nakuomba, kabla ya kutoa hata shilingi, muulize mwenye chombo maswali haya bila haya. Upepo wa hapa huamka saa ngapi, na leo unatoka upande gani? Viboko wanalala wapi? Nani atakuwa akitutazama tukiwa majini? Tukipinduka, mashua gani itakuja, iko wapi, na ina mafuta? Kama anacheka badala ya kujibu, mshukuru, kanywe chai na urudi nyumbani na pesa zako.

Kisha omba jaketi, ulikague. Jaketi lililoachwa juani miaka mingi kitambaa chake hupauka na kuchanika, na mikanda yake hukatika ukiivuta. Funga zipu na mikanda yote, halafu mwambie mwenzako akushike mabegani na kulivuta juu. Likipita masikio, ni kubwa mno. Majini litapanda na kukuacha chini. Mtoto avae jaketi la mtoto, kulingana na uzito wake, wala usimfunge la mtu mzima ukidhani atakua nalo kama sare ya shule. Maboya ya kupuliza ya kuchezea si majaketi. Na jaketi lililowekwa chini ya kiti ni mzigo tu. Jaribu kulivaa ukiwa ndani ya maji yenye mawimbi utaona.

Vaa nguo kwa kuifikiria baridi ya maji, si joto la jua. Suruali ya jinzi na sweta zito la pamba vikilowa huwa mzigo. Funga kipenga kwenye jaketi, kwa sababu sauti ya mtu hupotea upesi katika upepo lakini kipenga husikika mbali. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji, iwe mwilini mwako na si ndani ya mtumbwi. Mwambie mtu aliyebaki ufuoni unakwenda wapi na utarejea saa ngapi, na akipitiliza saa hiyo bila kukuona aombe msaada mara moja.

Usiende peke yako. Fuata ukingo wa ziwa badala ya kukata katikati. Anza safari ukikabiliana na upepo, ili wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, upepo ndio ukusaidie. Na pombe iache hadi mtakaporudi. Najua vijana mtanuna kwa hilo, lakini pombe huondoa hadhari, huharibu usawa wa mwili na huharakisha kupoa.

Kubwa kuliko yote, jifunze kurudi nyuma. Hili huwashinda wengi, hasa baba mbele ya watoto wake au kijana mbele ya wenzake waliochanga pesa. Safari imelipiwa, basi linaondoka kesho, picha zimeahidiwa nyumbani. Lakini ziwa litakuwapo mwezi ujao. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hakuna aibu ya kurejea ngamani mapema.

Ikitokea

Ukipinduka, hangaikia pumzi yako kwanza. Elea, tulia kwa dakika moja, kisha ushike chombo. Kayaki nyingi huelea hata zikipinduka, na mwokoaji huuona mtumbwi kabla ya kukiona kichwa cha mtu. Usiuache ili uogelee hadi ufuoni, isipokuwa ufuo uko karibu kabisa. Majini umbali hudanganya. Ukiweza, panda juu ya mtumbwi utoe kiwiliwili ndani ya maji. Kama umepotezana nao, kunja magoti kifuani na ukumbatie mikono yako. Mkiwa wengi kumbatianeni, watoto katikati. Hivyo ndivyo joto linavyotunzwa.

Ukimwona mwingine akizama, usitarajie kelele. Anayekufa maji mara nyingi hana pumzi ya kupiga ukemi. Kichwa kimeinama nyuma, mdomo uko usawa wa maji, na mikono inabonyeza pembeni kana kwamba anapanda ngazi isiyoonekana. Usijirushe! Anayezama humshika yeyote na kumdidimiza, na hivyo ndivyo familia inavyozika wawili badala ya mmoja. Mnyooshee kafi au ufito, mtupie kamba, au mtupie ule mtungi wa manjano wa lita 20 ukiwa mtupu na kifuniko kimefungwa. Mtungi huo uliouzoea nyumbani huelea vizuri na unaweza kumshikilia mtu hadi mashua ifike.

Akitolewa majini bila kupumua, usimning'inize kichwa chini wala kumkanyaga tumbo ili atapike maji, jinsi tunavyoona watu wakifanya. Muda unapotea bure. Mlaze chali, inua kidevu, mpe pumzi kwa mdomo, kisha ukandamize kifua kwa nguvu mara 30 kwa kila pumzi mbili, huku wenzako wakitafuta gari. Aliyepoa lakini anapumua mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi, mlaze na umshughulikie polepole. Usimsugue mikono na miguu, na usimpe pombe. Chai tamu yenye uvuguvugu apewe tu akiwa na fahamu kamili na anaweza kumeza.

Utasikia watu wakisema ajali haina kinga. Methali hiyo hutufariji matangani, na hapo ina kazi yake. Lakini isiwe kisingizio ufuoni. Kama una watoto, kata ukurasa huu uutie katika mkoba wa safari, na mkifika ziwani umpe mkubwa wao akusomee yale maswali kabla hujalipa. Wewe mwanafunzi unayeandaa safari ya chama, soma majina ya wanaokwenda na ujiulize kama utaweza kurudi nyumbani na kuwaeleza wazazi wao kwamba majaketi yalikuwa machache kuliko watu.

Tukijaliwa tutaonana tena Jumapili ijayo. Hadi hapo, nakutakia safari njema na marejeo mema zaidi.